Pikipiki Inayochaji Inapojisikia

Pikipiki isiyochaji kabisa ni kazi rahisi. Inayomsumbua fundi ni ile inayochaji asubuhi na kugoma mchana. Mwenyewe anaileta, mita inasoma vizuri, anaambiwa haina tatizo. Kesho yake anapiga kiki njiani huku honi ikikoroma. Wengi huishia kununua betri mpya, na baada ya wiki chache nayo hufa vilevile.

Namba zenyewe si za kuogopa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8. Washa injini, vuta moto hadi mizunguko 4,000 hivi kwa dakika: kwenye vichwa vya betri mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikiganda kwenye 12 na ushee, hakuna chaji inayofika. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na betri itachemka.

Zikitoka sawa, usimrudishie mtu ufunguo. Umepima injini ikiwa baridi. Koili za magneto zimepakwa vanishi nyembamba, na vanishi iliyochoka huachia joto linapopanda. Zungusha pikipiki nusu saa, kisha upime tena papo hapo. Rektifaya nayo ina shida na joto, ndiyo maana ina mapezi; ukiikuta imezibwa na tope, safisha kwanza.

Hata hivyo, mimi mshukiwa wangu wa kwanza huwa soketi iliyo kati ya koili na rektifaya. Ifungue, uitazame kwenye mwanga: plastiki iliyogeuka kahawia, pini iliyofifia rangi, unga wa kijani. Hapo usitegemee mlio wa mita. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia sawasawa na mpya, kwa sababu mita hupitisha umeme kiduchu mno. Kisha, kwenye nyaya zinazotoka rektifaya kwenda kwenye betri, pima volti zinazopotea njiani. Injini ikiwaka na taa zote zimewashwa, gusisha ncha moja ya mita kwenye waya chanya unaotoka kwenye rektifaya, nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa. Rudia upande wa hasi, maana arthi yenye kutu hufanya vituko hivyohivyo. Ncha zikiwa bado palepale, tikisa nyaya moja moja na uzungushe usukani kushoto na kulia. Namba ikiruka, umemkamata.

Kuna wanaochomoa waya wa betri injini ikiwaka, waone kama itazima. Acha kabisa. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikitoka, zinaweza kuruka ghafla na kuunguza taa, rektifaya, na kwenye pikipiki ya injeksheni hata kompyuta yake, ambayo si kitu cha bei ya chai.

Soketi iliyoungua haisuguliwi kwa msasa ikarudishwa. Pini iliyolegea itaungua tena. Kata, funga mpya, au unga nyaya kwa lehemu na uzifunike vizuri. Halafu chaji betri kwa chaja hadi ijae kabla ya kupima upya, kwani betri iliyokwisha huvuta volti chini ukaishia kufungua injini kutafuta koili isiyo na kosa.