Kuchagua Kozi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia
Sehemu ya Pili: Jina la Shahada na Kilichomo Ndani Yake

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza masharti ya udahili, yaani utaratibu wa kupokelewa rasmi chuoni, na ilionyesha kwamba mhitimu wa kidato cha sita nchini Tanzania hupimwa kwanza kwa pointi za masomo mawili, ambapo A huhesabiwa 5 na E huhesabiwa 1, na jumla haitakiwi kupungua 4. Kukivuka kiwango hicho ni kazi nyepesi kuliko inayofuata, kwa sababu mwombaji hutakiwa kutaja kozi anayoitaka kabla hajaingia darasa lolote la chuo. Si kila mahali mambo huwa hivyo: katika Massachusetts Institute of Technology ya Marekani, mwanafunzi huanza na masomo ya msingi ya hisabati na sayansi yanayowahusu wote, kisha hutangaza kozi yake mwaka wa kwanza unapokwisha. Mwombaji wa Mbeya au Dar es Salaam hana mwaka huo wa kutazama, kwa hiyo huchagua kwa kusoma majina, na majina ya shahada hayasemi yote.

Tofauti iliyo nzito kuliko nyingine ni ile ya kisheria. Uhandisi ni taaluma inayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 1997, na mtu haruhusiwi kufanya kazi kwa jina la mhandisi asipokuwa amesajiliwa. Anayehitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu, daraja ambalo humpa mamlaka ya kuidhinisha michoro na kubeba dhamana yake. Mlango huo hufunguliwa na shahada ya uhandisi inayotambuliwa na Bodi. Ndiyo maana uhandisi wa kompyuta na sayansi ya kompyuta, ambazo wazazi wengi huziona kitu kimoja, humpeleka mwanafunzi njia mbili, ingawa wahitimu wake huweza kukutana ofisi moja wakiandika programu zilezile. Kwa upande wa majengo, mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wana bodi yao nyingine kabisa. Kozi mpya yenye jina la kuvutia inastahili kuulizwa mapema kama inatambuliwa na bodi husika, na inashangaza jinsi swali hilo linavyoulizwa mara chache.

Yaliyomo ndani ya fani za uhandisi huonekana vizuri zaidi mahali zinapokutana. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wenye uwezo wa megawati 235, na mmoja tu unatosha kuonyesha mgawanyo wa kazi. Zege linalozuia maji, pamoja na uchunguzi wa mwamba uliolibeba, ni shughuli ya uhandisi ujenzi. Tabo, yaani gurudumu linalozungushwa na nguvu ya maji, pamoja na beringi zake za kubebea mhimili na vilainishi vyake, ni eneo la uhandisi mitambo. Jenereta iliyofungwa kwenye mhimili huohuo, transfoma inayopandisha msongo hadi kilovolti 400 ili umeme usafiri kwenda Chalinze bila kupotea sana njiani, na vifaa vinavyokata umeme hitilafu inapotokea, ni mambo ya uhandisi umeme. Kinachomwambia mwombaji pale angependa kusimama ni mtaala, yaani orodha ya masomo ya kila muhula, ambao husomwa vyema kuanzia mwishoni: mwaka wa kwanza karibu wahandisi wote hukutana na kalkulasi, uchoraji wa kihandisi na karakana, hali masomo ya mwaka wa tatu na wa nne ndiyo hutenganisha anayesoma mashine za umeme na anayesoma antena na uchakataji wa mawimbi.

Kosa linapotokea, vyuo huruhusu kuhama kozi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, iwapo nafasi ipo na sifa zinatosha. Baada ya hapo mlango huwa mwembamba sana.

Wapo wanaoliepuka tatizo hili kwa njia ambayo familia nyingi bado huidharau bila sababu. Anayesoma stashahada katika chuo cha ufundi, kama kile cha Arusha, au katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kisha akaomba shahada, hutumia muda mrefu zaidi kuliko mwenzake wa kidato cha sita, lakini hujaza fomu akiwa amekwisha kusuka mota, kupima udongo au kuchomelea chuma, na anajua ni ipi kati ya kazi hizo hakuipenda.