Kukesha na daftari hakumsaidii mtahiniwa

Ikishaingia Septemba, katika nyumba nyingi zenye mtahiniwa wa kidato cha nne taa huanza kuzimwa usiku wa manane. Mtihani wa Taifa ni Novemba, na mzazi anayemwona mwanawe ameinamia daftari saa saba za usiku hupata faraja kwamba mtoto anasoma. Kwa bahati mbaya, mengi anayoyasoma saa ile hayatabaki kichwani, na gharama yake ataanza kuilipa asubuhi ileile darasani.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha nne anayeishi Zinga, wilayani Bagamoyo, upande wa Mlingotini. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho. Achote maji, afagie uwanja, kisha aianze safari ya shule kwa miguu. Akirudi jioni mama yuko kwenye mwani au hajatoka sokoni, kwa hiyo yeye ndiye anayewasha moto na kuwaogesha wadogo zake. Daftari analifungua saa tatu usiku. Anasoma hadi saa saba, analala saa nne tu, anaamka tena. Wiki inayofuata mwalimu anatoa jaribio la mada ileile, naye anakuta kurasa zote zimefutika. Nyumbani wanamwita mvivu. Yeye mwenyewe anaanza kusema hana kichwa cha shule, na akishaliamini hilo, hata hamu ya kufungua daftari inakwisha.

Katika visa vingi vya namna hii kichwa hakina ubaya wowote. Kibaya ni namna anavyosoma, na hali ya mwili anaosomea.

Tuanze na kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima zimebaki kiasi gani baada ya muda. Ndani ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Somo lenye maana halipotei haraka kiasi hicho, lakini mwendo ni uleule: tunasahau sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Kwa hiyo binti yetu kusahau ni jambo la kawaida kabisa, na dawa yake ni kuirudia mada kabla haijapotea yote. Akisubiri hadi Oktoba anaianza upya.

Lakini arudie vipi? Wanafunzi wengi husoma notsi zilezile mara nne au tano, wengine kwa sauti, wengine huku wakipiga mistari ya rangi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lililohusu tabia hii. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika kwenye karatasi tupu kila lilichokumbuka, bila kuitazama tena habari. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na hao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba hawatasahau!

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukurasa uliousoma mara tano unauzoea kwa macho, na mazoea hayo unayachukulia kuwa ni kuelewa. Chumba cha mtihani hakimwombi mtahiniwa autambue ukurasa, kinamwomba autoe kichwani. Zoezi la kuutoa ndilo hajawahi kulifanya.

Watu wa mwambao wala hawahitaji kwenda Marekani kulijua hili. Chuoni, tangu enzi za vibao vya mbao, mtoto hapewi somo jipya kabla hajamsomea mwalimu la jana kwa moyo, na siku fulani hurudishwa nyuma zaidi. Ndiko kudurusu kwenyewe. Cha ajabu ni kwamba kijana huyohuyo aliyehifadhi kwa njia hiyo akiwa na miaka minane, akifika sekondari anakaa kimya mbele ya daftari la baiolojia na kulitazama tu. Na pale Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hakuna anayejifunza ngoma kwa kuisoma. Anaipiga, anakosea, anarekebishwa, anaipiga tena.

Basi kwa vitendo iwe hivi. Jioni, binti afunge daftari, achukue karatasi tupu na aandike kila anachokikumbuka kuhusu mada ya leo. Kisha afungue daftari aone alichokiruka. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Kesho aifanye tena kwa ufupi, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Mitihani ya miaka iliyopita inafaa sana hapa, mradi ajibu kwanza ndipo atazame majibu.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu ambacho ushauri wa nje hauutaji. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wengi hujiokoa kwa kukariri sentensi nzima wasizozielewa, na swali likigeuzwa maneno kidogo wanakwama. Hapa hata karatasi tupu haitoshi. Ninachowashauri ni kumweleza mdogo wako au bibi mada hiyo kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kuangalia popote. Ukishindwa kumweleza bibi jinsi figo inavyochuja damu, hujaielewa bado, hata kama Kiingereza chake unakighani. Ukiweza, sasa kiandike kwa Kiingereza.

Sasa tuje kwenye usingizi, ambao ndio mtoto anaukata ili apate muda wa kusoma. Tunapolala, ubongo haupumziki tu. Yale ya mchana yaliyowekwa kwa muda katika sehemu iitwayo hipokampasi hurudiwa na kuunganishwa na yale tuliyokwisha kuyajua, na kazi hii hufanyika sana katika usingizi mzito. Anayelala saa nne amesoma, kisha ameunyima ubongo nafasi ya kuhifadhi alichosoma. Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2003, uliwahusu watu wazima. Waliolala saa sita au pungufu kila usiku kwa wiki mbili walifikia hali ya mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo, kwa kipimo cha umakini na kumbukumbu ya muda mfupi. Wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Ndiyo maana mwanafunzi atakuapia kwamba yeye amezoea kulala saa tano. Kuzoea ni kwa hisia, si kwa ubongo.

Sisemi binti wa Mlingotini atapata saa tisa za usingizi. Kwa ratiba ile haziwezekani. Lakini akianza daftari saa moja na nusu badala ya saa tatu, akafanya kazi ya karatasi tupu kwa saa moja na nusu na kulala saa tatu na nusu, anapata saa saba na nusu na anakumbuka zaidi. Ili saa moja na nusu ipatikane, mtu mwingine lazima aokote kuni na aogeshe watoto. Hapa nazungumza na wazazi moja kwa moja: kaka yake ana mikono pia. Kumpunguzia mtahiniwa kazi za jioni kuanzia Agosti hadi Novemba hakugharimu hata shilingi, na kunaweza kumfaa kuliko masomo ya ziada ya kulipia.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka siku hizi ni vya kuviangalia. Nusu ya kafeini unayokunywa huwa bado imo mwilini baada ya kama saa tano, kwa hiyo chupa ya saa mbili usiku inaendelea kumsumbua saa saba. Vidonge vya kuondoa usingizi vinavyopeana vijana wenyewe kwa wenyewe nisivisikie kabisa. Simu janja nayo ilale chumba kingine, maana hata ikiwa kimya, mkono unaitafuta.

Kabla ya kumwita mtoto mzito, mpime damu. Takwimu za kitaifa za 2015/16 zilionesha asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Msichana mwenye damu pungufu huchoka mapema, husinzia darasani na hukosa umakini, na anayemtazama anaweza kudhani ni uvivu. Huku pwani kuna minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, kuna kichocho, na malaria bado ipo, ingawa Bagamoyo yenyewe ilikuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja tu la kidole. Dagaa, kunde, maharage, matembele na kisamvu husaidia, hasa vikiliwa na chungwa au ndimu. Chai ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, kwa hiyo ingoje kidogo. Na asubuhi asitoke na tumbo tupu. Ubongo peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili. Kiporo, muhogo wa kuchemsha, uji, chochote kilichopo.

Bado kuna ari. Wazazi wengi hujaribu kuinunua: ukipata daraja la kwanza nitakununulia simu. Mwaka 1973 watafiti wa California walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, wale walioahidiwa walitumia kama nusu ya muda wa wenzao katika kuchora kwa hiari. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupungukiwa na hamu. Watoto wa chekechea si watahiniwa, na zawadi si haramu, lakini naona inafaa zaidi ikija baadaye kama pongezi kuliko ikitangulia kama bei.

Ari ya kudumu hutokana na mtu kuona anaweza. Karatasi ya leo ina mistari sita, ya Jumatatu ilikuwa na miwili: hilo mwanafunzi analiona kwa macho yake, na linamrudisha kesho. Wenzake wawili watatu wa kuulizana maswali nao husaidia, mradi wasigeuke kikundi cha mmoja kusoma na wengine kusikiliza. Lengo nalo liwe dogo na lenye saa yake, kwamba baada ya magharibi nitajibu maswali matano ya jiografia, badala ya kwamba mwaka huu nitasoma sana.

Lakini yapo yasiyoondolewa na ratiba wala karatasi tupu. Kijana aliyekosa usingizi kwa wiki mbili ingawa ana nafasi ya kulala, aliyeacha kula, anayejitenga na marafiki, anayelia bila sababu au kusema hana maana ya kuishi, huyo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri mtihani uishe. Anayesogeza daftari karibu na pua au kuumwa kichwa kila akisoma, apimwe macho.