Mwimbaji wa London na Ndovu Pole Pole

Mkulima wa Endebess karibu na Kitale, au wa Kapsokwony katika Bungoma, akiambiwa kwamba mwimbaji mashuhuri wa Uingereza alimlilia ndovu mmoja, huenda akacheka. Kwake yeye ndovu ni adui wa mahindi, ashukaye usiku kutoka msitu wa Mlima Elgon na kuharibu kazi ya msimu mzima. Lakini habari za Bibi Virginia McKenna zafaa kusomwa hata na mkulima huyo, kwa maana ndovu mwenyewe alitoka Kenya, na jina lake lilikuwa la Kiswahili.

Bibi McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni, 1931. Alianza kusifiwa kwa michezo ya senema, hasa A Town Like Alice ya mwaka wa 1956. Sifa yake kubwa ya kuimba aliipata mwaka wa 1979 katika jumba la London Palladium, lenye viti zaidi ya 2,000. Mchezo uliitwa The King and I, nao ni wa namna ile ambayo mwigizaji husema maneno yake, kisha moyo ukijaa huimba, na wapiga muziki humfuata. Yeye alikuwa Anna, mwalimu mjane aliyeajiriwa kuwafundisha watoto wa mfalme wa Siam. Mfalme alikuwa Yul Brynner, aliyeanza kuucheza mchezo huo tangu mwaka wa 1951. Kusimama kando ya mtu kama huyo usifunikwe si jambo dogo, na Bibi McKenna alipewa tuzo ya Olivier ya mwaka huo.

Kabla ya hayo alikuwa amekwisha fika Kenya. Yeye na mumewe, Bill Travers, waliigiza Born Free ya mwaka wa 1966, yaani habari za simba Elsa aliyelelewa na Joy na George Adamson. Baadaye wakarudi kutengeneza senema nyingine, na humo wakafanya kazi na ndovu mchanga aitwaye Pole Pole. Mtoto huyo alikuwa ameahidiwa bustani ya wanyama ya London, awe zawadi kutoka Kenya. Mume na mke wakaomba kumnunua ili abaki kwao. Wakajibiwa kwamba yawezekana, ila atakamatwa mwingine badala yake. Wakashindwa kumwokoa mmoja kwa kumtoa mwingine, na Pole Pole akasafirishwa.

Mwaka wa 1982 walikwenda kumtazama. Walipomwita kwa jina, akawajia na kuwanyoshea mkonga. Mwaka uliofuata alipotayarishwa kuhamishwa, alisimama muda mrefu katika sanduku la safari, akaumia, na mwisho akauawa kwa dawa. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi. Ndovu jike wa Elgon wa umri huo huwa ameyajua mapango kama Kitum, aingiamo gizani nyuma ya mama yake kutafuta chumvi.

Mwaka wa 1984 Bibi McKenna na mumewe walianzisha chama cha Zoo Check, cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungwa. Mwaka wa 1991 kikabadilishwa jina kuwa Born Free Foundation.