Bud Foster: Kocha msaidizi aliyedumu misimu 33

KATIKA soka ya Kimarekani, kila timu huwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kuzuia, na kila kimoja huingiza uwanjani wachezaji 11. Sifa humwendea kocha mkuu, lakini mbinu za ulinzi mara nyingi hupangwa na msaidizi wake.

Bud Foster alijijengea jina katika kazi hiyo. Mwaka 1987 alimfuata kocha Frank Beamer kutoka Murray State hadi Chuo Kikuu cha Virginia Tech, na mwaka 1995 akawa mmoja wa viongozi wawili wa safu ya ulinzi, kabla ya kuachiwa jukumu hilo peke yake.

Mwaka huo ndipo walinzi wake walipoanza kubeba kisanduku chakavu cha bati, cha aina ambayo wachimbaji wa makaa ya mawe hubebea chakula, kikiwa ishara kwamba ushindi hutokana na jasho. Baada ya watu 32 kuuawa kwa risasi chuoni hapo Aprili 16, 2007, majina yao yaliwekwa ndani yake.

Foster alitwaa tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora wa vyuo vikuu, mwaka 2006. Hata hivyo, Beamer alipong'atuka mwishoni mwa msimu wa 2015, nafasi yake ilichukuliwa na Justin Fuente. Foster alibaki msaidizi hadi alipostaafu mwaka 2019.

Novemba 23 mwaka huo, katika mchezo wake wa mwisho nyumbani, Virginia Tech iliichapa Pittsburgh 28-0. Kwa kocha wa ulinzi, zawadi gani ingeipita sifuri ile?