Povu jingi si usafi, mama

UKITEREMKA vichochoro vya Gatwekera, Kibera, Jumamosi asubuhi, utapita chini ya kamba za nguo huku ukiruka mitaro iliyojaa povu. Mama ameinamia karai, mtoto yuko mgongoni, na kando yake pana mtungi wa lita 20 wa maji aliyonunua. Ndiyo sababu hushangaa nionapo wengi wetu tukipima uzuri wa sabuni kwa wingi wa povu, ilhali povu lote hilo litataka maji ya kulisuuza.

Sabuni ya kipande, ile ambayo mwenye duka huikata kwa kisu na kukuuzia kadiri ya mfuko wako, ndiyo inayobana matumizi. Ni mafuta yaliyopikwa pamoja na soda kali, basi. Unaipaka penye uchafu tu, kwenye kola ya shati au soksi za shule, unasugua, na inatoka upesi. Adui yake ni maji ya chokaa. Waliolelewa Pwani wakifua kwa maji ya kisima wanaukumbuka ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni huku povu likikataa katakata kutoka.

Sabuni ya unga haina shida hiyo. Wajerumani walianza kutafuta kitu cha kufulia kisichotokana na mafuta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mafuta yalipoadimika. Marekani ikatoa Dreft mwaka 1933, kisha Tide mwaka 1946. Kwetu jina lililoshika ni Omo, hata mtoto akitumwa "Omo" akarudi na unga wa kampuni nyingine kabisa hakuna anayemgombeza. Baadhi ya unga huo una vimeng'enya vinavyomeng'enya madoa ya damu, maziwa na mayai. Loweka kwanza kwa maji baridi, kwa maana maji ya moto huipika damu ndani ya kitambaa. Sweta la sufu usilitie humo, litaharibika.

Unga ukizidi haung'arishi zaidi. Unabaki kwenye nguo, nguo inakakamaa, na usiku mtoto anajikuna. Utanunua mtungi wa pili kuuondoa. Vilevile unakausha mafuta ya ngozi, na hili akina mama wanaotoka Kibera kwenda kufua katika nyumba za Lang'ata na Kilimani wanalijua sana. Tazama vidole vyao. Koroga unga uyeyuke kabla ya kutumbukiza mikono, na ukimaliza suuza mikono kwa maji matupu kisha uipake mafuta.

Jik si sabuni, ingawa wengi huiweka kundi moja. Haiondoi mafuta wala matope. Hufifisha rangi na kuua viini. Ni ya pamba nyeupe iliyokwisha kufuliwa na kusuuzwa. Leso yako mpya ikigusana nayo, usimlaumu aliyekuuzia. Kipindupindu kinapoingia mtaani ndipo thamani yake huonekana. Ikiwa kibandiko kinasema asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji, futa uchafu kwanza, ndipo umwage dawa hiyo na kuiacha kwa dakika kumi kabla ya kusuuza. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia hapo hapo.

Kuna jambo moja ambalo sitachoka kulirudia. Jik isikutane na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Isikutane na mkojo pia. Katika nyumba zetu za chumba kimoja, ndoo ya haja ya usiku huoshwa alfajiri mlango ukiwa bado umefungwa, na mama akimwaga Jik moja kwa moja ndani yake huanza kukohoa na kutokwa machozi, akidhani ni baridi. Mwaga mkojo, suuza ndoo kwa maji, fungua mlango, ndipo utie Jik.

Sasa nije kwa sabuni ya maji, ambayo vikundi vingi vya akina mama hutengeneza na kuuza. Nyingi ni nzuri kwa vyombo. Taabu yangu ni chupa. Nilipomtembelea dada yangu Gatwekera, nilikuta chupa ya soda ya machungwa chini ya meza, imejaa nusu, na mwanawe wa miaka mitatu ameishika kwa mikono miwili.

"Dada, hii ni soda ya nani?" nikauliza.

"Ai! Mnyang'anye! Hiyo ni soda ya kutengenezea sabuni!"

Hapo ndipo lugha yenyewe inapotutega. Kuna soda ya kunywa. Kuna magadi soda ya Ziwa Magadi, ambayo wengine hutia kwenye mboga, na ambayo hutumika pia viwandani kutengenezea sabuni ya unga. Halafu kuna soda kali, ile inayoitwa kostiki, inayotoboa koo la mtoto kwa funda moja. Jina moja, na kwa bahati mbaya chupa moja.

Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwani itamchoma mara ya pili ikipanda. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta. Msuuze mdomo kwa maji, umkimbize Mbagathi au Kenyatta, na chupa uende nayo daktari aione.

Dada yangu alisema hana pa kuiweka. Ni kweli, chumba cha futi kumi kwa kumi hakina kabati la juu. Tukatafuta galoni ndogo iliyowahi kutiwa sabuni, tukamimina soda ile polepole, tukaandika SUMU kwa rangi nyekundu, kisha shemeji akagongomea msumari kwenye boriti karibu na mabati. Inaning'inia huko. Chupa ya soda tuliisuuza mara tatu, tukaiponda, tukaitupa.