Kukusanya Vitu vya Kale vya Misri: Hati Yapita Uzuri

Wako watu wapendao kukusanya stempu za posta, na wako wapendao fedha za zamani. Wengine burudani yao ni kukusanya vitu vilivyotengenezwa na Wamisri wa kale, miaka elfu mbili, elfu tatu na zaidi iliyopita. Asiyejua hudhani kwamba jambo hilo ni la matajiri peke yao, wanunuao dhahabu na sanamu za wafalme. Sivyo. Vitu vipendwavyo na wakusanyaji wengi ni vidogo, vyaenea katika kiganja cha mkono.

Kwanza ni sanamu ndogo ziitwazo shabti. Wamisri waliamini kwamba hata ahera mtu huitwa kulima, kumwagilia mashamba maji na kubeba mchanga. Kwa hiyo maiti alizikwa pamoja na vibarua wake: sanamu za mti, za jiwe, au za ufinyanzi ung'aao kwa rangi ya samawati, aghalabu zimeshika majembe. Maiti akiitwa kazini, kibarua ndiye atakayeitika badala yake. Watu wengine walizikwa na sanamu 401, yaani vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Mfalme Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunuliwa na Howard Carter mwaka 1922, alikuwa nazo 413. Ndiyo sababu shabti ni nyingi duniani.

Pili ni sanamu za dundu, yule mdudu abiringishaye donge la mavi, ambaye Wamisri walimfananisha na jua lisafirivyo angani. Zilivaliwa kama hirizi, na tumboni ziliandikwa majina zikawa mihuri. Mfalme Amenhotep III alifanyiza madundu makubwa yenye kutangaza habari zake, kama vile kwamba aliua simba zaidi ya 100, yakapelekwa huko na huko kama gazeti.

Wakusanyaji mashuhuri wamekuwako. Sigmund Freud, tabibu wa maradhi ya nafsi, alikuwa na vitu vya kale zaidi ya 2,000, vingi vya Misri, na vingine vilipangwa mezani pake alipoandika. Alipokimbia Vienna mwaka 1938, vilimfuata London, navyo vingali katika nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho.

Zamani wafanya biashara wenye leseni waliuza vitu hivyo kwa halali Cairo na Luxor. Lakini sheria ya Misri nambari 117 ya mwaka 1983 iliikomesha biashara hiyo, ikatangaza kwamba vitu vya kale ni mali ya umma. Tangu hapo mkusanyaji mwaminifu hana budi kununua vile tu vilivyotoka Misri kwa halali zamani, tena vyenye hati ya kuthibitisha hivyo. Hapo ndipo wadanganyifu waonapo njia.

Uingereza alikuwako Jonathan Tokeley-Parry, aliyevitoa vitu Misri kwa kuvipaka plastiki na rangi vifanane na vikorokoro wauziwavyo watalii. Kichwa cha sanamu ya Amenhotep III kilipita hivyo. Kisha yeye na mwenziwe wa New York, Frederick Schultz, walibuni mkusanyo wa kale usiokuwako kamwe, wakaandika vibandiko vyake na kuvitia rangi ya chai vionekane vimechakaa. Tokeley-Parry alifungwa Uingereza, na Schultz alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 33.

Chai ilitumika pia katika hila nyingine. Mwaka 2003 makumbusho ya Bolton yalinunua kwa pauni 440,000 hivi kiwiliwili cha jiwe cha binti wa Farao. Ushahidi ulikuwa katalogi ya kweli ya mnada wa mwaka 1892. Kumbe sanamu ilichongwa na Shaun Greenhalgh nyumbani kwao mjini humo humo, naye aliipaka chai na udongo ionekane ya kale. Alifungwa mwaka 2007. Basi hata hati ya kweli yaweza kufungamanishwa na kitu cha uongo.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa kitu ni cha kweli, ya nini kujali kilikotoka? Jibu lilitolewa na kazi ya Flinders Petrie. Alilinganisha vyombo vya udongo vya makaburi 900 hivi, akaona jinsi maumbo yalivyobadilika, akapata taratibu ya nyakati kabla ya wafalme wa kwanza. Alifaulu kwa sababu ilijulikana kila chungu kilitoka kaburi gani, na kwa jirani ya kitu gani. Mwizi achimbaye usiku hutoa chungu, akaiacha habari ipotee. Wala hakuna fedha iwezayo kuinunua tena.

Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara hauliza bei kwanza. Huuliza: kilitoka Misri mwaka gani? Nani alikuwa nacho, na stakabadhi ziko wapi? Muuzaji akijibu kwa hadithi tu, hukiacha mezani, kiwe kizuri namna gani. Wala mtu hanunui shamba kwa kuwa udongo wake ni mwekundu na mzuri. Hutaka kwanza kujua ni la nani.