Kusoma Hadithi za Binti Sultani

Katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, jioni inapoingia, hutokea ugomvi mdogo. Mtoto ameketi karibu na taa, kitabu ki mkononi, anasoma habari za binti sultani aliyefungiwa katika jumba la jini. Mama humwita mara ya kwanza, haitiki. Humwita mara ya pili, haitiki. Mara ya tatu husema kwa hasira, "Je, hao mabinti wa sultani ndio watakaotuchotea maji?"

Mama hakukosa, maana maji hayajichoti. Wala mtoto hakukosa kwa kupenda hadithi. Kosa lake ni kutoitika. Basi na tutazame hadithi hizi zinafaa nini, na namna ya kuzisoma.

Kwanza jueni ya kuwa hadithi za ajabu si jambo geni kwetu. Kabla ya vitabu, wazee wa Usukuma walisimulia kando ya moto habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wa nchi, na habari za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai. Watoto walisikiliza kwa sababu walifurahi. Na katika kufurahi walijifunza ya kuwa akili ya mdogo huweza kushinda nguvu za mkubwa. Bwana wetu Yesu naye, alipofundisha makutano, mara nyingi aliwasimulia mifano.

Tena, furaha ni mwalimu mzuri wa kusoma. Mtoto asomaye kwa kulazimishwa hufunga kitabu kengele inapolia. Asomaye kwa furaha hukifungua tena kengele ikiisha kulia. Huyu wa pili atasoma kurasa nyingi, atajua maneno mengi, na hata akipewa barua ya serikali au hati ya shamba, hataogopa maandishi.

Lakini kuna kusoma kwa macho tu, na kuna kusoma kwa akili. Nitawapa mfano.

Katika mwaka 1870 Padre Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alipiga chapa kitabu cha hadithi zilizosimuliwa Unguja na Waswahili wenyewe. Moja yao ni hadithi ya Sultani Darai. Palikuwa na maskini, kazi yake kuchakura jaani, akitafuta punje za mtama apate kula. Siku moja aliokota sarafu ndogo, akanunua paa. Paa huyu alijua kusema. Naye alipokuwa akitafuta malisho, aliona kitu king'aacho chini ya mti, kumbe ni almasi kubwa. Aliichukua mpaka mji wa mbali, akampa sultani wa huko kuwa zawadi, akamposea bwana wake binti wa sultani. Kisha akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akampatia bwana wake jumba la yule nyoka.

Hata paa alipougua, yule bwana aliamuru apikiwe uji hafifu wa mtama. Binti sultani alimwonea huruma, lakini bwana hakujali. Paa akafa kwa uchungu wa moyo. Mwisho wake, bwana alilala tajiri, akaamka yu jaani, anachakura punje zake kama kwanza. Ndivyo wasemavyo wahenga: asante ya punda ni mateke.

Asomaye kwa macho tu hukumbuka arusi na jumba. Asomaye kwa akili huuliza: Nani aliyeileta almasi, na alilipwa nini?

Msidhani ya kuwa swali hilo ni la paa peke yake. Hapa hapa kwetu, huko Mwadui, Mkanada jina lake John Williamson, mjuzi wa mawe, alivumbua mgodi wa almasi mwaka 1940. Katika Oktoba 1947 ilitolewa humo almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, yaani karibu gramu 11. Mwezi uliofuata Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliolewa, na Williamson akampa almasi ile kuwa zawadi ya arusi. Ilichongwa London mwaka 1948, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Wakati huo Elizabeth alikwisha kuwa malkia, tangu mwaka 1952. Alikufa mwaka 2022.

Tazameni jinsi mambo ya kweli yanavyofanana na hadithi! Pana binti mfalme, pana arusi, pana almasi iliyosafiri mbali. Nayo almasi huitwa kwa jina la Williamson. Haiitwi kwa jina la mtu yeyote aliyechimba udongo ule juani. Na pete ya dhahabu je? Huenda ilianzia Geita, ambako wachimbaji wadogo huteremka katika maduara, hupandisha mawe, huyasaga, na kuzikamata chembe za dhahabu kwa zebaki, nayo zebaki ni sumu. Anayevishwa pete siku ya arusi haoni hayo. Msomaji mwema huyaona.

Jambo la pili ni hili: binti sultani wa kweli si kama wa hadithi, ambaye huketi dirishani akingoja kuokolewa. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, bali kuandika hawakufundishwa. Salme alitamani sana kuandika. Basi alitwaa mfupa wa bega la ngamia uliotumika badala ya kibao, akaziiga kwa siri herufi za Kurani mpaka mkono wake ukazoea.

Elimu hiyo ilimtia hatarini. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumwondoa Sultani Majid, naye pia ni ndugu yao. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Na kwa kuwa alijua kuandika, aliwaandikia barua wale waliofanya shauri hilo. Shauri lilishindwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani, akaenda kukaa Ujerumani. Mumewe alikufa mwaka 1870, akabaki mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Hakuna jini aliyemfungia, wala hakuna paa aliyemletea jumba. Alikuwa na kalamu yake.

Hata hivyo, kitabu chake nacho yafaa kisomwe kwa akili. Mali ya ukoo wake ilitoka kwa sehemu katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa Unguja mpaka mwaka 1897. Salme mwenyewe aliandika maneno ya kuutetea. Aliona mengi, lakini wale waliomlimia hakuwaona vema. Kujua kuandika ni jambo moja. Kumwona aliyekuchukulia mzigo ni jambo la pili.

Basi, wanafunzi, someni hadithi za binti sultani, wala msione haya. Furahini na majini, na majumba, na arusi za siku saba. Lakini mkifika mwisho, msifunge kitabu kabla hamjauliza nani aliyeileta almasi.

Na swali hilo msiliache kitabuni. Taa unayosomea, nani aliyeinunulia mafuta? Ugali ulioshiba, nani aliyeusonga? Maji ya mtungini, nani aliyeyachukua kichwani kutoka kisimani? Kwa hiyo mama akikuita, tia alama katika kitabu, itika mara ya kwanza, uchukue ndoo uende. Binti sultani atakungoja mahali ulipomwacha. Nawe ukirudi, keti karibu na mama, umsimulie hadithi hiyo, naye apate sehemu yake ya furaha.

Maswali

1. Paa alifanya mambo gani kwa ajili ya bwana wake, naye alilipwa nini?
2. Almasi ya Mwadui iliyotolewa mwaka 1947 inafanana na almasi ya paa kwa jambo gani?
3. Salme alijifunzaje kuandika, na elimu hiyo ilimtiaje hatarini?
4. Taja kitu kimoja ulichotumia leo, kisha ueleze ni nani waliokifanyia kazi kabla hakijakufikia.